Upangaji wa tibamionzi kwa saratani ya kichwa na shingo
Ni kazi ya kuamua, kabla ya matibabu, miale ipite wapi na kwa kipimo gani. Mgonjwa hulazwa chali, plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto ikafinyangwa usoni. Ikipoa hukakamaa na kumzuia asitikisike. Mgonjwa hupigwa picha za CT, kisha daktari huchora uvimbe na viungo vya jirani kipande kwa kipande, kazi ya kuchosha macho. Aghalabu uvimbe hupewa grei 70 (grei ni kizio cha kipimo cha mionzi) kwa vipindi 35, huku tezi za mate za parotidi zikilindwa zisipokee zaidi ya wastani wa grei 26. Mbinu ya IMRT, inayobadilisha nguvu ya miale katika kila pembe, ilileta nafuu kubwa: katika jaribio la PARSPORT la Uingereza (2011), baada ya mwaka mmoja ukavu wa kinywa wa daraja la pili au zaidi uliwapata asilimia 38 ya wagonjwa, dhidi ya 74 kwa mbinu ya zamani.