Maana za kale za maneno ya Kiingereza

Maana za kale za maneno ya Kiingereza ni zile zilizotumika karne zilizopita, kisha zikabadilika au kutoweka, ingawa maneno yenyewe yangali hai.

Wanaisimu hutaja aina kuu nne za mabadiliko hayo. Kwanza ni kufinyika: "meat", ambalo sasa ni nyama, lilikuwa chakula chochote, na "girl" liliweza kumtaja mtoto wa kiume au wa kike. Pili ni kupanuka: "bird" lilimaanisha kinda, leo ni ndege yeyote. Tatu ni kushuka hadhi: "silly", yaani mpumbavu, lilitokana na neno lenye maana ya mwenye heri. Nne ni kupanda hadhi: "nice" lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa likiwa na maana ya mjinga, leo ni sifa njema.

Maana hizo huathiri usomaji wa maandishi ya kale. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, "meat offering" ya Mambo ya Walawi sura ya 2 ni sadaka ya unga, wala haina nyama.

Rejea kuu ni Oxford English Dictionary, iliyohaririwa na James Murray kuanzia 1879 na kukamilika 1928. Kamusi hiyo hupanga maana kihistoria na kuzithibitisha kwa mifano yenye tarehe. Msomaji wa maandishi ya kale hana budi kuipekua kabla ya kufasiri.