Unataka Monita ya Gemu? Soma Hii Kabla Uachilie Doo Zako

Wacha nianze na aibu yangu. Nilijinyima miezi mitano, smocha zikawa hadithi, hadi nikashika monita ya 144Hz kwa duka moja tao. Nikafika keja, nikachomeka kebo ya HDMI ya kitambo niliyopata kwa droo, nikaanza kujigamba kwa mbogi. Miezi mitatu baadaye beshte yangu akaingia kwa setingi akacheka hadi machozi. Skrini ilikuwa inatembea 60Hz tu! Manze, nilikuwa nimelipia 144 na natumia 60 kama msee wa ofisi.

Hiyo siku nilielewa kitu moja: monita haitengenezi picha, inaonyesha tu kile mashine inaleta. Tangi ikiwa na maji kidogo, hata ukiweka mfereji mkubwa aje, ndoo haitajaa haraka.

Anza na mashine yako

PS4 ya kawaida inatoa 1080p kwa 60Hz, basi. Ukiinunulia monita ya 165Hz, hizo Hz zingine zinakaa bure, isipokuwa uko na mpango wa kushika PC baadaye. PS5 na Xbox Series X zinaweza kufika 4K kwa 120Hz, lakini kupata hiyo yote monita lazima iwe na HDMI 2.1. Ukiwa na PS5 na unataka monita ya 1440p, hakikisha umesasisha konsoli, juu ilianza kukubali 1440p Septemba 2022.

Kwa PC, angalia kadi ya grafiki na gemu unazocheza. GTX 1650 inapeleka Valorant kupita fremu 144 kwa sekunde bila jasho ukiwa 1080p. Iletee Cyberpunk 2077 uone vile inahema.

Hz ngapi zinatosha?

Hz ni mara ngapi skrini inabadilisha picha kwa sekunde moja. Kwa 60Hz, picha mpya inakuja kila milisekunde 16.7. Kwa 144Hz ni 6.9, na kwa 240Hz ni 4.2. Piga hesabu: kutoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10. Kutoka 144 kwenda 240 unaokoa chini ya 3. Ndio maana msee wa bajeti asilale njaa akitafuta 240Hz. Kati ya 144 na 165 uko sawa kabisa.

Saizi na pikseli

1080p ni pikseli kama milioni 2. 1440p ni milioni 3.7, na 4K ni milioni 8.3. Maana yake ukipanda 4K, kadi inafanya kazi mara nne ya 1080p. Kama kadi yako inahangaika saa hii, 4K itaizika.

Kwa 1080p shika inchi 24. Ukiinyoosha hadi inchi 27 pikseli zinatawanyika, na ukikaa karibu na meza maandishi yanaanza kuonekana na chenga. Inchi 27 inapendeza na 1440p.

Paneli ni gani?

TN ina kasi, lakini ukiitazama kutoka kando rangi zinapauka. IPS ina rangi fiti na hata mbogi ikikaa pembeni wataona poa, ila nyeusi yake hukaa kijivu ukizima taa. VA ina nyeusi ya nguvu, lakini nyingi za bei ya chini huacha kivuli nyuma ya vitu vinavyokimbia gizani. OLED ndio mnyama: kasi, rangi, nyeusi kabisa. Shida ni bei, na pia picha ikikaa sehemu moja masaa mengi, kama ubao wa magoli, inaweza kuacha alama ya kudumu. Kwa wengi wetu, IPS ndio chaguo salama.

Maneno ya kwa boksi

"1ms" mara nyingi hupatikana kwa setingi kali zaidi, ile ambayo huharibu picha. HDR400 pia isikutoe mate, juu kwa monita nyingi tofauti yake ni ndogo sana. Kitu ya maana ni FreeSync au G-Sync. Hizo hufanya skrini isubiri kadi, ndio picha isikatike katikati fremu zikishuka. Na usijali kama kadi yako ni ya Nvidia: tangu Januari 2019 zinaweza kutumia monita nyingi za FreeSync kupitia DisplayPort.

Ukiwa dukani, kaa rada

Usikubali kuuziwa mbuzi kwa gunia. Hasa hizi za ex-UK, juu nyingi ni monita za ofisi za 60Hz ambazo mtu amezibandika jina la gemu.

1. Soma namba ya modeli nyuma ya monita, uitafute mwenyewe kwa simu.
2. Iwashwe kabla ya kulipa. Weka skrini nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, utafute vidoti vilivyokufa.
3. Angalia mashimo ya nyuma. VGA peke yake? Toka.
4. Ichomekwe kwa PC, ufungue TestUFO kwa brauza uone kama Hz ni zile uliambiwa.
5. Waranti iandikwe kwa risiti. Ya mdomo haikusaidii ikizima wiki ijayo.

Ukifika keja, tumia kebo iliyokuja na monita, ama DisplayPort kama kadi iko nayo. Halafu fungua Settings ya Windows, ingia System, Display, kisha Advanced display, uchague Hz ya juu kabisa. Hiyo ni dakika moja tu, na ingeniokoa miezi mitatu ya kuchekwa.

Na kama tayari uko na monita ya 144Hz, hebu ingia huko saa hii uangalie. Usishangae ukipata 60.