Aphrodite: Jina moja, maana kibao

Ukilitafuta jina Aphrodite kwenye simu, unaletewa mungu wa kike, mnyoo wa baharini, albamu ya muziki, mpaka dawa za mapenzi. Usichanganyikiwe, yote yanahusiana na jina hilo. Mambo yako hivi.

Mungu wa mapenzi
Kwa Wagiriki wa kale, Aphrodite alikuwa mungu wa kike wa mapenzi na uzuri. Mshairi Hesiod alilihusisha jina lake na neno "aphros", yaani povu, akisimulia kuwa alizaliwa kwenye povu la bahari. Wataalamu wengi wa lugha wanayatilia shaka maelezo hayo. Baadhi yao wanadhani jina lilitoka nje ya Ugiriki.

Sayari
Warumi walimfananisha na mungu wao Venus, na jina hilo likapewa sayari. Sisi tunaiita Zuhura, neno lililotoka Kiarabu. Kumbe akina Zuhura wa mtaani kwako wana jina la sayari hiyo hiyo! Na kule kuna eneo kubwa la nyanda za juu linaloitwa Aphrodite Terra.

Mnyoo
Aphrodita ni jina la kisayansi la kundi la minyoo wa baharini wenye manyoya. Wengine manyoya yao yanang'aa kwa rangi mbalimbali.

Muziki
Aphrodite ni albamu ya mwanamuziki wa Australia, Kylie Minogue, iliyotoka 2010.

Vipi kuhusu "Afro"?
Hapana, hiyo haimo. Mtindo wa nywele wa Afro umetokana na neno Afrika, si Aphrodite.

Dawa: hapa kuwa makini
Neno la Kiingereza "aphrodisiac" limetokana na jina hili. Maana yake ni chakula au dawa inayosemekana kuongeza hamu ya tendo la ndoa. Zingatia hapo: inayosemekana. Neno hilo kuandikwa kwenye kopo si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya mara nyingi kuhusu bidhaa za "asili" za aina hii zilizokutwa na sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra, bila kutajwa kwenye lebo. Ukiichanganya na dawa za moyo za kundi la nitrati, presha inaweza kushuka ghafla hadi kuhatarisha maisha.

Kwa hiyo, kabla hujanunua, muulize daktari au mfamasia.