Taa yako ya mtumba ina historia ndefu kuliko keja yako

Wasee, kuna dharau fulani ndogo lazima tuiongelee. Mgeni anaingia kwa keja yako, anaona taa safi imening'inia juu ya meza, anauliza umeitoa wapi. Ukimwambia duka moja la Westlands, anatingisha kichwa kwa heshima. Ukimwambia Gikomba ama Toi, anacheka. Mimi nasema anayecheka hajui stima ilivyofika nchi hii.

Tuanzie mbali kidogo, Zanzibar. Sultan Barghash, yule aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka wa 1883, alikuwa na jenereta ya kuwashia jumba lake na mitaa ya karibu. Kwa historia ambayo Kenya Power yenyewe husimulia, mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee (usimchanganye na Alibhai wa Jeevanjee Gardens hapa tao), aliichukua jenereta hiyo na kuivusha hadi Mombasa. Hapo ndipo ikazaliwa kampuni ya kwanza ya stima pale. Soma tena polepole: biashara ya stima Kenya ilianza na mashine iliyokuwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Mtumba, manze. Mtumba wa Sultan, lakini mtumba.

Hata neno lenyewe, stima, ni la mitumba. Kwanza lilikuwa jina la meli ya mvuke, baadaye sisi Wakenya tukalivalisha umeme na likatukaa vizuri.

Nairobi nayo ilipata yake wakati huohuo. Reli ilikuwa imefika hapa 1899, mji ukaanza kukua, na injinia Clement Hirtzel akapewa haki ya pekee ya kuuzia mji umeme. Mwaka wa 1922 kampuni ya Nairobi na ya Mombasa zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, na mwaka wa 1925 mtambo wa maji wa Ndula, kwenye Mto Thika, ukaanza kazi. Jina la Kenya Power and Lighting lilikuja 1983.

Lakini nguzo za stima hazikufuata watu, zilifuata pesa. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi: Wazungu walijipa vilima vya magharibi na kaskazini, Wahindi wakakaa Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa Eastlands. Mnaoishi Kileleshwa na Lavington leo, miti mikubwa na plot pana mnazoziona zilianza hivyo. Kwa familia nyingi za Kiafrika, hata baada ya uhuru, mwanga wa usiku ulitoka kwa koroboi.

Na koroboi ilitoka wapi? Kwa kopo tupu. Fundi wa jua kali alichukua kopo la mafuta ya kupikia, akalikata, akalichomelea, akatia utambi, na kitu ambacho mtu alikuwa ametupa kikawa taa ya mtoto kusomea. Mafundi hao walifukuzwa na askari wa kanju miaka mingi. Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ikasema wazi kwamba watu kama hao ni uchumi kamili, si uchafu wa mji. Ilichukua hadi 1985 ndipo Rais Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi vibanda vya kufanyia kazi. Sisemi koroboi ilikuwa poa. Ilitoa moshi, ilichoma vifua, ilichoma nyumba. Nasema tu kwamba ustadi wa kugeuza takataka kuwa taa haukuanzia Instagram.

Sasa angalia dari yako. Kama nyumba ni ya zamani, pengine holda inashika balbu kwa pini mbili, unasukuma na kuzungusha kidogo. Hiyo ni alama ya Mwingereza, ndiyo aliyotuachia. Balbu ya skrubu imeandikwa E27, na hiyo E ni Edison, yule Mmarekani. 27 ni upana wake kwa milimita. Ndiyo maana taa ya mtumba iliyotoka Ulaya mara nyingi inakataa balbu uliyo nayo nyumbani. Haijaharibika. Ni historia mbili tofauti zimekutana kwa bedsitter yako Kangemi.

Na hapa ndipo nina msimamo mkali. Umbo la taa nunua la mtumba bila aibu: kofia ya kioo, kikapu, chungio la bati, hata kiondo cha shosho kilichotoboka chini. Zunguka Toi asubuhi mapema, mwelewane bei. Lakini holda, waya na swichi nunua mpya, shuka Luthuli Avenue. Waya kuukuu huonekana mzima kwa nje kumbe plastiki imekauka ndani. Keja zetu zimebanana. Stima ikishika moto kwako, jirani ndiye anaamkia moshi.

Weka balbu ya LED. Ya wati 9 inakupa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60, na haichemki kiasi cha kuchoma kikapu. Kabla ya kugusa chochote zima meni swichi, usiamini swichi ya ukutani peke yake. Nyumba mpya waya wa moto ni kahawia na nyutro ni bluu; za zamani ni nyekundu na nyeusi. Hata hivyo usiamini rangi tu, pima na testa, kwa sababu hujui fundi wa kwanza alikuwa ameamka vipi. Kofia ya chuma lazima iunganishwe na ule waya wa kijani na njano. Ukikosa uhakika, lipa fundi mwenye leseni ya EPRA. Pesa uliyookoa kwa kofia itatosha kumlipa.

Landlord wengi wanatupa chumba chenye balbu moja uchi katikati ya dari na kuiita nyumba. Kuivalisha balbu hiyo kitu kilichokuwa cha mtu mwingine si umaskini. Sultan aliitumia kwanza, Jeevanjee akaichukua, Mombasa ikawaka. Wewe unaogopa kusema Gikomba?