Kifafa na Wajumbe wa Ubongo

Somo letu la leo ni habari za kifafa.

Zamani watu wengi walidhani kifafa ni pepo, au kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Kwa hiyo aliyeangukia motoni aliogopwa, akaachwa aungue.

Mwaka 1912, huko Ujerumani, daktari Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wa kifafa dawa ya usingizi, fenobabitoni. Akaona kuanguka kwao kunapungua. Lakini sababu hakuijua.

Mwaka 1950 Eugene Roberts wa Marekani alitangaza kuwa ameikuta kemikali iitwayo GABA ndani ya ubongo. Baadaye wataalamu walitambua kwamba GABA ni mjumbe. Wajumbe wengine huziamsha chembe za ubongo, huyu huzituliza. Wa kuamsha wakimshinda wa kutuliza, chembe nyingi hushtuka pamoja, na mtu huanguka. Dawa ile humtia nguvu mjumbe wa kutuliza.

Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanganyika. Alitumia dawa hiyo hiyo, na wengi wakapata nafuu.

Basi, ukimwona mtu ameanguka kifafa, usimkimbie. Mwondoe penye moto, mlaze ubavu, wala usimtie kitu mdomoni. Kumgusa hakukuambukizi.