Mapokezi ya hadithi za kutisha za Kiswahili

Mapokezi ya hadithi za kutisha za Kiswahili ni namna wasomaji, wasikilizaji, walimu na wahakiki wanavyozipokea na kuzijadili hadithi zinazokusudia kuamsha hofu, hasa zile zinazosimulia juu ya mizimu, majini, mazimwi, wachawi na wafu wanaorudi. Hadithi hizo hupatikana katika fasihi simulizi, diwani za hadithi fupi, riwaya, tamthilia, katuni na filamu.

Maoni kuhusu hadithi hizo hutofautiana sana. Wapo wanaozipenda kama burudani, wapo wanaotafuta ndani yake mafunzo au kejeli ya kisiasa, na wapo wanaozilaumu kwa kuendeleza imani za ushirikina. Katika maeneo kama Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ukiwemo Mkoa wa Mara, suala hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu hofu ya uchawi imewahi kuleta mauaji ya watu wasio na hatia.

Viumbe wa kutisha

Viumbe wanaojulikana zaidi katika hadithi za Kiswahili ni hawa wafuatao:
- Zimwi: jitu linalokula watu. Mara nyingi lina nguvu nyingi lakini akili kidogo, na hushindwa na mtoto au mnyama mdogo.
- Jini: kiumbe asiyeonekana anayeweza kuchukua umbo la binadamu. Habari zake zimechanganyika na mafundisho ya Uislamu.
- Mzimu: roho ya mtu aliyekufa, au mahali panapoaminika kuwa na roho za wahenga.
- Mwanga: mchawi anayetembea usiku kuwadhuru wengine.
- Msukule: mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi ili amfanyie kazi. Sehemu nyingine huitwa ndondocha.
- Mumiani: mtu anayesemekana kukamata watu na kunyonya damu yao kwa ajili ya kutengeneza dawa.

Katika simulizi

Kwa desturi, hadithi za mazimwi husimuliwa jioni, baada ya kazi. Msimulizi huanza kwa fomula ya kufungulia, wasikilizaji huitikia, na mwishoni kuna fomula ya kufungia. Fomula hizo humsaidia mtoto kujua kwamba ameingia katika ulimwengu wa hadithi na kwamba atatoka humo salama. Wasikilizaji nao hushiriki kwa kuimba, kuuliza na kucheka.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka huyo anakula mifugo, kisha watu, mpaka anakuwa mnyama wa kutisha aitwaye nunda. Raia wanalalamika, lakini sultani anamtetea kwa kuwa ni paka wake. Anatambua hatari pale tu watoto wake mwenyewe wanapoliwa, na nunda anauawa na mwanawe mdogo. Hadithi hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili: kama kisa cha mnyama mla watu, au kama onyo kwa mtawala asiyesikiliza malalamiko.

Habari za mumiani ni tofauti. Hazikuwa na fomula ya kufungulia wala ya kufungia. Zilisimuliwa kama mambo yaliyotokea jana, mtaa wa pili. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni, alionyesha kwamba masimulizi hayo yalibeba hofu za watu juu ya polisi, zimamoto, hospitali na kazi za mshahara. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulisababisha ghasia katika eneo la Buguruni, Dar es Salaam.

Katika maandishi

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya miaka 1957–1958 kwa kitabu Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Jina la kitabu humwandaa msomaji kwa hadithi ya mizimu, lakini mpelelezi Bwana Msa anatafuta ukweli kwa kutumia akili. Mwandishi huyo alitumia mbinu kama hiyo katika Kisima cha Giningi (1968). Giningi ni mahali panapotajwa katika masimulizi ya Zanzibar na Pemba kuwa makao ya wachawi.

Waandishi wengine waliwaacha wafu warudi kweli ndani ya hadithi. Katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001), kiongozi aliyezama katika anasa anatembelewa na babu yake aliyekwisha kufa. Hapo hofu inatumika kuwauliza viongozi wa baada ya uhuru walichowafanyia wananchi wao.

Kwa upande wa hadithi fupi, Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Victoria, aliandika "Mayai Waziri wa Maradhi". Hadithi hiyo imetoa jina kwa diwani iliyohaririwa na K. W. Wamitila na kusomwa katika shule za sekondari za Kenya. Diwani ya namna hiyo huwafikia wasomaji wengi ambao hawakuichagua wenyewe. Mwanafunzi huisoma kwa ajili ya mtihani, na hivyo hulazimika kueleza dhamira, wahusika na mbinu za sanaa, hata kama kilichomgusa zaidi ni woga wenyewe.

Maoni ya wasomaji

Maoni yanayotolewa kuhusu hadithi za kutisha yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza huzipima kwa nguvu ya hofu. Kwao hadithi nzuri ni ile inayomfanya mtu asite kuzima taa. Lawama yao ya kawaida ni kwamba mwandishi amefichua siri mapema, au ameeleza kila kitu mwishoni.

Kundi la pili huuliza mafunzo. Mtazamo huu una mizizi katika fasihi simulizi, ambamo zimwi humpata mtoto asiyesikia la wakubwa. Hadithi inayoishia kwa ushindi wa uovu huonekana kwao kuwa haijakamilika.

Kundi la tatu hutafuta fumbo. Wahakiki wengi wa vyuo vikuu wako hapa. Kwao mzimu ni dhamiri, zimwi ni mtawala, na msukule ni mfanyakazi anayenyonywa. Baadhi yao wamezidharau hadithi za kutisha zisizo na fumbo la wazi, wakiziweka katika fungu la fasihi pendwa.

Kundi la nne lina wasiwasi juu ya ukweli. Mhakiki Tzvetan Todorov aliandika mwaka 1970 kwamba fasihi ya ajabu hutegemea kusita kwa msomaji, asiyejua kama tukio lina sababu ya kawaida au la. Nadharia hiyo ilitokana na vitabu vya Ulaya. Kwa msomaji anayeamini kwamba wachawi wapo, hadithi ya mwanga haimsitishi, bali inamthibitishia alichokwisha kuamini. Ndiyo maana baadhi ya wazazi, walimu na viongozi wa dini huzipinga hadithi hizo, ingawa sababu zao hazifanani: wengine husema ni uongo, wengine husema ni kweli mno kuchezewa.

Mkoa wa Mara na Kanda ya Ziwa

Bukima ni kata ya Musoma Vijijini katika Mkoa wa Mara. Eneo la Musoma, Bunda na Butiama lina lugha nyingi zilizo karibu, zikiwemo Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kizanaki na Kiikizu. Mtoto anaweza kusikia hadithi za nyumbani katika lugha mojawapo kati ya hizo, kisha akakutana na hadithi za vitabuni kwa Kiswahili shuleni. Katika mwambao wa ziwa, mamba na kiboko ni hatari za kweli kwa wavuvi na wachota maji, kwa hiyo mnyama wa kutisha si kitu cha kubuni tu.

Eneo hilo lina mchango pia katika tafsiri. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kusoma shule ya Mwisenge mjini Musoma, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963. Ndani yake mna usiku wa dhoruba na ishara mbaya, na mzimu wa Kaizari unamtokea Bruto kabla ya vita. Mwaka 1968 S. S. Mushi alichapisha Makbeth, yenye wachawi na mzimu wa mtu aliyeuawa. Tamthilia zote mbili zinaonyesha jinsi viongozi wanavyoweza kupotoka kwa kusoma ishara vibaya au kuamini utabiri.

Hata hivyo, katika Kanda ya Ziwa hofu imevuka mipaka ya vitabu. Wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo yanaweza kutokana na moshi wa kuni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino nao wameshambuliwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Imani nyingine, kwamba hawafi bali hutoweka, inawaweka katika fungu la mizimu. Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa kienyeji mwaka 2009 na tena mwaka 2015. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inakataza pia kumtuhumu mtu kuwa mchawi nje ya taratibu za kisheria.

Kwa sababu hiyo, swali la msomaji katika eneo hilo haliwi tu kama hadithi inatisha, bali inamtisha nani na dhidi ya nani. Zimwi lenye jicho moja halina jirani anayefanana nalo. Bibi kizee mwenye macho mekundu anao majirani wengi wanaofanana naye, na hadithi inayomfanya kuwa mchawi bila swali lolote inaweza kuongeza hatari iliyopo. Kinyume chake, hadithi inayomfuata bibi huyo ndani ya nyumba yake usiku, akisikiliza hatua za watu waliokuja kumwua, ni hadithi ya kutisha pia, na hofu yake inamwelekea mwuaji.

Filamu na katuni

Katika miaka ya 2000 hadithi za kutisha zilipata watazamaji wengi kupitia filamu za video za Tanzania. Mussa Banzi aliongoza Nsyuka na Shumileta, zilizotumia mizuka na majini. Katuni za magazeti na vijarida nazo zilisimulia visa vya wachawi wa mijini. Kazi hizo zimekosolewa kwa sababu zilezile za vitabu, lakini zimewafikisha viumbe wa simulizi za zamani kwa watu ambao hawajawahi kuzisikia hadithi hizo zikisimuliwa nyumbani.