Mji wa Kulelea Watoto

Niliajiriwa kufundisha mwaka 1972, na tangu siku ile hadi nilipostaafu sikuwahi kuchagua mji wa kuishi. Barua ya uhamisho ilikuja katika bahasha ya kaki, imeandikwa "kwa manufaa ya umma", nami nilifunga mizigo. Mara moja tu nilithubutu kumwuliza mkubwa wangu kama ningeweza kupelekwa mahali penye shule nzuri kwa ajili ya watoto wangu. Alicheka, kisha akanijibu, "Mwalimu, mchagua jembe si mkulima." Nikanyamaza, maana nililelewa kuamini kwamba methali ikishatajwa mjadala umekwisha.

Mwaka jana binti yangu alinipigia simu kutoka Houston, Texas, ambako yeye na mumewe wameishi miaka kumi na mmoja. Wana watoto wanne. Kodi ya nyumba inapanda kila mkataba unapofanywa upya, mtoto wao mkubwa anaingia sekondari, nao wameamua kuhamia jimbo jingine. Baada ya shikamoo na habari za mifugo, akaniambia, "Baba, tumeandika majina ya miji mitano, na mbele ya kila mji tumeandika kodi ya nyumba. Wewe umehama mara sita. Tuchague upi?"

Sikumjibu siku ile. Kuhamishwa mara sita si sawasawa na kuchagua mara sita. Tena lilikuwapo jambo jingine, ambalo yeye hakulitaja na mimi sikulisahau.

Mwaka 1984 nilihamishiwa chuo kimoja cha ualimu cha nyanda za juu. Nyumba za chuo zilikuwa zimejaa, ikanibidi nipange uraiani. Nilionyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa jirani na shule ya msingi. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya mto, kodi yake nusu ya ile ya kwanza. Nilikuwa na watoto watano na mshahara wa mwalimu, na miaka ile hata sabuni na sukari zilipatikana kwa shida. Nikachukua ya ng'ambo, nikajiona hodari wa hesabu. Masika yalipofika mto ulifurika, na daraja la magogo likachukuliwa na maji. Watoto wangu walikaa nyumbani wiki baada ya wiki, wakati mimi nazunguka kwa baiskeli njia ndefu kwenda kuwafundisha watu wengine namna ya kulea watoto. Binti yangu huyu alikariri darasa la pili. Marehemu mama yao alinionya kabla hatujahamia, akasema, "Umeuliza bei, hujauliza njia." Sikumsikiliza.

Kwa hiyo sikuwa na haki ya kumchagulia mtu mji. Nilichokuwa nacho ni historia moja, na baada ya siku tatu nilimpigia nikamsimulia. Nadhani inafaa kuandikwa hapa, kwa sababu ni historia ya watu walionyimwa nafasi ya kuchagua kwa vizazi vingi, nao walipoipata waliitumia kwa busara kunishinda mimi.

Tangu nistaafu naishi wilayani Handeni. Katika wilaya hii yako makazi ya Chogo, na humo wamo watu ambao babu zao walikuwa Wazigua wa nchi hii hii. Katika karne ya 19, zilipokuja njaa na ukame, wengi wa mababu hao walipelekwa pwani ya Somalia. Wapo waliotekwa, na wazee husimulia kwamba wapo waliodanganywa kuwa wanakwenda kupata kazi na chakula. Huko waligeuzwa watumwa. Waliotoroka walikimbilia bonde la mto Juba, penye msitu na udongo mzuri, wakajenga vijiji vyao. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha aliyewaongoza kutoka utumwani. Walitaka kurudi kwao Uzigua, lakini njia ilikuwa ndefu, nao walikuwa na watoto. Wakakaa bondeni.

Walidumu pale kama karne moja na nusu, na baadhi yao hawakuiacha lugha ya Kizigua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Somalia mwaka 1991, wakulima hawa, ambao siku hizi huitwa Wabantu wa Somalia, waliporwa chakula na kuuawa. Wengine walipanda majahazi wakaja Tanzania. Walipokelewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wao wakapewa uraia. Walio wengi walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwachukua wapatao 12,000. Mwaka 2002 walihamishiwa kambi ya Kakuma, na kuanzia mwaka 2003 wakaanza kusafirishwa na kugawanywa katika miji mingi ya Marekani. Hapo napo hawakuulizwa. Mtu aliambiwa tu kwamba jina lake liko katika orodha ya mji fulani.

Mzee mmoja wa hapa, rafiki yangu wa bao, ana wajukuu wa ndugu yake huko. Ndiye aliyenitajia kwanza jina la Lewiston, mji wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Nilishangaa. Kwa nini watu wa bonde la Juba wachague penye theluji miezi kadhaa ya mwaka? Nikaanza kusoma na kuulizia.

Lewiston ulikuwa mji wa viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin. Kiwanda chake mashuhuri, Bates, kilianzishwa mwaka 1850. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wageni: Wakatoliki wasemao Kifaransa, waliotoka Quebec nchini Kanada kwa garimoshi, wakabezwa kwa lugha yao na dini yao, kisha wakawa ndio wenye mji. Baadaye nguo zikawa zinafumwa kwingine kwa gharama ndogo, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1970 mji ulikuwa na watu karibu 41,800, na mwaka 2000 walibaki kama 35,700. Bates chenyewe kilizima mashine mwaka 2001. Nyumba za mbao za ghorofa tatu na nne walizokuwa wakipanga wafanyakazi zilibaki tupu, na kodi ikashuka.

Hapa nilimwomba binti yangu asikilize kwa makini. Nyumba ikiwa nafuu, ipo sababu. Aghalabu nafuu ya mgeni ni hasara iliyompata mwenyeji. Anayehamia mji wa namna hiyo anaingia katika msiba wa watu, na inampasa aingie kwa adabu.

Wakimbizi wa kwanza kutoka Somalia walifika Lewiston mwanzoni mwa mwaka 2001. Hawa hawakuwa Wabantu bali Wasomali wenyewe. Wengi walikuwa wamepangiwa kuishi kando ya Atlanta, Georgia, ambako waliona mitaa ina uhalifu na shule haziwaridhishi. Wazee wao wakafanya kama wafanyavyo wafugaji wakitafuta malisho: walituma watu watangulie kwenda majimbo mengine wakaangalie. Waliotumwa waliuliza kama mtoto anaweza kwenda shule kwa miguu bila hofu, shule zikoje, dawa za kulevya zimeenea kiasi gani, na kama nyumba yenye vyumba vya kutosha familia kubwa inapatikana kwa bei wanayoiweza. Walifika Portland, mji mkubwa wa Maine, wakaupenda, lakini nyumba zilikuwa haba. Lewiston, usiofika kilomita 60 kutoka pale, ulikuwa nazo. Katika muda wa miaka miwili hivi wakawa zaidi ya elfu moja. Kuanzia mwaka 2005 wakaja Wabantu pia, wakitoka katika miji waliyogawiwa.

Msomaji asidhani walipokewa kwa ngoma. Oktoba mwaka 2002 meya wa mji aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwasihi wapunguze kasi ya kuja, kwamba mji umezidiwa. Januari mwaka 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kikaitisha mkutano pale pale. Waliohudhuria walikuwa wapatao 30. Siku hiyo hiyo zaidi ya watu 4,000 walikusanyika upande mwingine wa mji kuwapinga. Ningekuwa mzazi nimefika juzi na mizigo yangu, hesabu hiyo ingenifaa kuliko orodha ya kodi za nyumba za nchi nzima.

Hata hivyo unafuu ulikuwa na mtego wake. Nyumba zile za zamani zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Rangi kuukuu hubanduka na kuwa vumbi, mtoto atambaaye akalilamba, na madini hayo hudhuru ubongo unaokua. Lewiston ni miongoni mwa sehemu za Maine ambako watoto wengi wamekutwa na sumu hiyo katika damu. Wazee waliotumwa waliuliza kuhusu wezi na kuhusu shule, wala hawakujua kuuliza kuhusu kuta. Siwalaumu. Kila mhamaji ana swali moja ambalo hajui kulisahau kwake, nami la kwangu lilikuwa daraja.

Na je, mji ulipata nini? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Maduka yaliyokuwa na mbao madirishani yalifunguliwa tena, na mtaa mkuu ukapata vitambaa, viungo na sambusa. Kufikia mwaka 2020 idadi ya watu ilikuwa imepanda hadi kama 37,100, wakati miji mingine ya viwanda vilivyokufa iliendelea kupungua. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, ambayo wachezaji wake wengi walitoka katika familia za wakimbizi, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 binti aliyezaliwa Somalia, Safiya Khalid, alichaguliwa kuingia katika halmashauri ya mji.

Binti yangu aliniuliza kama mji huo ni salama. Nilimwambia ukweli. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja wa jimbo lile lile, si mgeni, aliwapiga watu risasi huko Lewiston na kuwaua 18. Hakuna mji duniani wenye hati ya usalama. Unachoweza kukiangalia ni namna watu wake wanavyotendeana balaa likiwapata, na hilo halimo katika takwimu za polisi.

Basi akasema, "Kwa hiyo twende Lewiston?" Nikamwambia la, sikumsimulia ili aende huko. Nilitaka aone jinsi wale wazee walivyofanya. Hawakuanza na kodi, ingawa walikuwa maskini kuliko sisi. Walianza na mtoto, wakamfuata kutoka kitandani hadi darasani na kurudi, wakauliza kitakachompata katika kila hatua ya njia hiyo. Kodi ilikuja mwisho, kuchuja miji iliyobaki. Mimi nilianza na kodi na nikaishia hapo hapo. Ndipo nilipomtajia ule mto, na kumwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi nakumbuka tulivyokuwa tunavua samaki." Sikujua kama ananisamehe au ananihurumia.

Mumewe alipata likizo ya wiki moja, akaenda kuiona miji miwili kati ya ile mitano. Aliingia katika shule wakati watoto wanatoka, akapanda basi asubuhi, akamwuliza mwenye nyumba umri wa nyumba na habari za rangi, akazungumza na familia mbili za Kiafrika zilizokwisha kukaa miaka kadhaa. Mji waliouchagua ulikuwa wa tatu kwa unafuu katika orodha yao. Walihama mwezi Juni. Siku ya kwanza binti yangu alinipigia simu. Nikamwuliza shule iko umbali gani. Akacheka, akasema, "Mwendo wa dakika kumi, baba, na hakuna mto."

Nimeifikiria tena ile methali ya mkubwa wangu. Ni kweli kwamba anayeshinda kutwa akibagua majembe hatalima. Lakini mkulima halisi, kabla hajatia jembe, huuangalia udongo, mteremko, na maji yatapita wapi mvua ikinyesha. Hilo sikuambiwa, wala mimi sikuwaambia wanafunzi wangu niliokuwa nikiwatuma kila mwaka kwenda vituo vya mbali pamoja na wake zao na watoto wao. Nawaambia sasa, waliobaki.